Kufuatilia na Kuchunguza Maradhi na Uvimbe wa Uzeeni kwa Panya wa Maabara: Mwongozo Kamili

Kila mwaka, majira ya kukamilisha tasnifu yanapokaribia, mimi huletewa madaftari yanayofanana. Mwanafunzi amefuga panya kwa miezi 18 au zaidi, amewanywesha dondoo la mizizi au majani, kisha ukurasa wa mwisho umeandikwa kwa wino mwekundu: uvimbe kwapani, jike namba 14, dawa ina sumu. Nikiuliza panya wa kundi linganishi, wale wasiopewa dawa, walikutwa na nini walipopasuliwa, jibu ni kwamba hawakupasuliwa, kwa kuwa walionekana wazima.

Panya wa maabara huishi miaka 2 hadi 3, na kuanzia mwaka wa pili mwili wake huota uvimbe, figo zake huchakaa na moyo wake hudhoofika hata asipoguswa na dawa yoyote. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuyakamata maradhi hayo kwa kila panya, kwa utaratibu mmoja, kabla joto la Dar es Salaam halijauharibu mzoga.

## Vifaa vinavyohitajika

Andaa vyote kabla ya mwezi wa 12 wa umri wa panya, maana vingi hutafutwa siku ya msiba na siku hiyo havipatikani.

- Mizani ya dijitali ya kumpima panya mzima, na nyingine inayosoma hadi gramu 0.01 kwa ajili ya viungo.
- Kalipa ya kupimia uvimbe kwa milimita.
- Taulo dogo, tochi ya kawaida na tochi ya mwanga wa urujuanimno, ile inayotumika kukagua noti.
- Kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini cha siku.
- Jokofu lenye nyuzi 4 za Selsiasi, lisilohifadhi chakula cha watu.
- Mkasi mkubwa na mdogo, koleo mbili, kisu cha upasuaji, ubao na pini.
- Formalini iliyochanganywa vizuri, chupa zenye mdomo mpana, penseli na vipande vya karatasi ngumu.
- Glavu, barakoa na miwani ya kinga.
- Daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila panya, ambao una mchoro wa mwili wake kwa juu na kwa chini.

Kibali cha kamati ya maadili kinatangulia vyote hivi. Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo inawahusu pia wanyama wa utafiti.

## Hatua ya 1: Jua ukoo wa panya wako na tarehe aliyozaliwa

Kuandika "panya weupe" hakutoshi, kwa sababu kila ukoo huzeeka kwa namna yake. Madume wa Fischer 344 karibu wote hupata uvimbe wa chembe za Leydig kwenye korodani wakifika uzeeni, na ukoo huohuo unajulikana kwa leukemia, yaani saratani ya damu, inayoanzia kwenye wengu. Majike wa Sprague-Dawley huota kwa wingi uvimbe wa matiti na wa pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo. Wistar naye hupata uvimbe wa pituitari, ingawa viwango hutofautiana sana kati ya koloni moja na nyingine.

Panya wengi tunaopokea huandikwa Wistar kwa mazoea tu, ilhali wamezaliana ndani ya banda moja kwa miaka mingi. Uliza walitoka wapi na lini. Usipopata jibu, andika kwamba hukulipata, kisha litegemee kundi linganishi lako mwenyewe kuliko jedwali la nchi nyingine. Na kwa kuwa swali hili hurudi kila mara: panya buku wa Morogoro, wale wanaofundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu na kifua kikuu, ni spishi nyingine kabisa yenye maisha marefu zaidi, na hakuna lolote kati ya haya linalowahusu.

Dalili ya mafanikio: kila kizimba kina kadi yenye ukoo, jinsi, tarehe ya kuzaliwa na kundi la majaribio.

## Hatua ya 2: Ondoa visababishi vinavyoingia kwa mlango wa nyuma

Kabla ya kuutuhumu uzee au dawa, tazama chumba, chakula na matandiko.

Panya hana tezi za jasho mwilini isipokuwa kwenye nyayo, na mkia ni njia yake muhimu ya kutoa joto. Chumba chake kinapaswa kuwa kati ya nyuzi 20 na 26. Mwezi Februari hapa kwetu, umeme ukikatika usiku, chumba kilichofungwa hupita kiwango hicho kabla ya alfajiri, na panya mzee mwenye moyo dhaifu ndiye wa kwanza kufa. Nilipoteza panya 7 kwa mtindo huo mwishoni mwa juma moja, kosa likiwa langu: sikuacha mtu wa kufungua madirisha, wala sikuwa na kipimajoto chenye kumbukumbu. Vifo vile vilikaribia kuingia kwenye ripoti kama athari za dozi ya juu.

Chakula ndiyo hatari kubwa zaidi. Wengi wetu hutengeneza chakula cha panya kwa mahindi, pumba, mashudu na dagaa, na mahindi pamoja na mashudu ya karanga yakikaa kwenye unyevu wa pwani huota sumukuvu. Aflatoksini B1, mojawapo ya sumukuvu hizo, husababisha saratani ya ini kwa panya kwa uhakika mkubwa kiasi kwamba hutumika kuianzisha kwa makusudi kwenye majaribio. Anayekumbuka watu waliofariki Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa sumukuvu hahitaji kuambiwa kwamba hili si jambo la vitabuni. Pima kila mzigo mpya wa chakula, au angalau nunua kidogo kidogo na uhifadhi sampuli ya kila mzigo kwenye friza, ili ukikuta uvimbe mwingi wa ini uwe na cha kurudia.

Kiasi cha chakula nacho kina uzito wake. Panya anayekula atakavyo maisha yake yote hunenepa, figo zake huchakaa mapema na uvimbe wake huongezeka; anayepunguziwa chakula huishi zaidi na huota uvimbe mchache. Hapa ndipo wachunguzi wa dawa za asili wanaponaswa. Ukichanganya unga wa majani ya mwarobaini kwenye chakula, uchungu wake utamfanya panya ale kidogo, atapungua uzito, na mwisho wa mwaka wa pili atakuwa na uvimbe mchache kuliko wenzake. Mwanafunzi ataandika kwamba mwarobaini unazuia saratani, kumbe ni njaa iliyofanya kazi. Pima chakula kinachowekwa na kinachobaki, kila wiki, kwa kila kizimba.

Matandiko nayo yasitoke popote. Maranda ya bure kutoka kwa mafundi seremala wa Keko huwa na mchanganyiko wa mbao, nyingine zikiwa zimepakwa dawa ya kuzuia mchwa, na maranda ya misonobari yasiyokaushwa kwa moto huchochea vimeng'enya vya ini. Chagua fundi mmoja na mbao moja usiyoitilia shaka, kisha kausha.

Dalili ya mafanikio: unaweza kueleza, kwa tarehe, joto la chumba na uzito wa chakula cha wiki yoyote iliyopita.

## Hatua ya 3: Pima na papasa kila wiki

Hii ndiyo hatua inayoharibiwa kuliko zote, kwa sababu inachosha na kwa wiki nyingi haionyeshi kitu. Ifanye siku ileile na saa ileile, ukianza na kundi linganishi wiki hii na kundi la dozi wiki inayofuata, ili macho yako yasichokee upande mmoja. Ikiwezekana, anayepapasa asijue kizimba ni cha kundi gani.

Mpime uzito kwanza. Kisha mlaze juu ya taulo, mkono wako wa kushoto ukimzunguka mabegani, na uanze na vidole vya kulia chini ya kidevu. Shuka taratibu shingoni, ingia kwapa zote mbili, fuata ubavu hadi kwenye kinena na umalizie chini ya mkia. Panya ana jozi 6 za chuchu, lakini tishu za matiti yake zimetandaa mbali kuliko chuchu zinavyoonyesha, toka shingoni hadi kinenani na kupanda mbavuni karibu na mabega. Uvimbe uliopo nyuma ya bega au kando ya shingo unaweza kabisa kuwa wa titi, na ndio ninaoukuta umeandikwa "uvimbe wa ngozi" au "jipu".

Uvimbe wa kawaida zaidi kwa jike mzee ni fibroadenoma. Chini ya kidole huhisi kitu kigumu kiasi, laini juu, kinachoteleza huku na huku bila kushikamana na nyama ya chini, na panya halalamiki ukikibonyeza. Si saratani, ila hukua hadi kufikia gramu 100 na zaidi, ukawa unaburuzwa sakafuni na kuchubuka. Uvimbe ulioshikamana na nyama, wenye mabonde, unaokua haraka na kuchimbika mapema ni wa kutiliwa shaka ya saratani, lakini hukumu hiyo huitoa hadubini na si kidole. Jipu huwa na joto na uchungu, nalo hubonyea.

Pima urefu na upana kwa kalipa, uandike kwa milimita. Sitaki kuona "ukubwa wa ndimu" kwenye daftari, maana ndimu za Kariakoo zina ukubwa wa kila namna kufuatana na msimu. Chora mahali pake kwenye mchoro wa mwili na weka tarehe. Tarehe ya kuonekana kwa mara ya kwanza ina thamani kuliko ukubwa wa mwisho.

Kwa dume, papasa korodani zote mbili na ulinganishe ugumu na ukubwa. Njia ya kinena ya panya haifungi, kwa hiyo korodani inaweza kurudi tumboni akiogopa. Usiandike kwamba haipo kabla hujasubiri atulie.

Onyo: uzito usiobadilika usikudanganye. Uvimbe unaoongezeka gramu 40 unaweza kuficha mwili uliopungua gramu 40. Pitisha kidole kwenye uti wa mgongo: mifupa ikikwaruza kidole, panya amekonda, mizani iseme isemavyo.

## Hatua ya 4: Tofautisha dalili zinazofanana

Kichwa kilichoinama. Maambukizi ya sikio la ndani humfanya panya ainamishe kichwa upande mmoja na kuzunguka, ingawa anakula na ana nguvu. Uvimbe wa pituitari unapokandamiza ubongo humfanya azubae, ajikunyate, akonde, na dalili niiaminiyo zaidi ni mikono: mpe punje ya chakula uone kama anaweza kuishika kwa mikono miwili kama panya wote wanavyofanya. Akiidondosha na kujaribu kuila chini kwa mdomo, huku mikono imekakamaa, fikiria pituitari.

Machozi mekundu. Wekundu kuzunguka macho na pua mara nyingi ni pofirini, rangi nyekundu kutoka tezi iliyo nyuma ya jicho, wala si damu. Mulika kwa tochi ya urujuanimno. Pofirini hung'aa waridi. Inakuambia panya ana msongo au anaumwa, haikuambii anaumwa nini.

Kupumua kwa kukoroma. Huu mara nyingi ni ugonjwa wa mapafu wa bakteria Mycoplasma pulmonis, unaozidishwa na amonia ya mkojo kwenye vizimba visivyobadilishwa matandiko. Ni maambukizi yanayongoja panya azeeke, kwa hiyo usiyahesabu kama uzee wenyewe.

Miguu ya nyuma kulegea. Mizizi ya neva za uti wa mgongo huchakaa kwa panya wazee. Kagua pia nyayo: vidonda vya nyayo huwapata wazito, hasa kwenye vizimba vya sakafu ya waya, na panya mwenye vidonda huburuza miguu kwa maumivu tu.

Kukonda bila sababu. Fungua mdomo. Meno ya mbele hukua maisha yote, na yakipishana panya hufa njaa mbele ya chakula. Rangi yao ya manjano ni ya kawaida.

## Hatua ya 5: Weka kikomo mapema

Amua kabla ya jaribio kuanza ni lini panya atahitimishwa, yaani atauawa bila mateso. Vipimo vinavyotumika sana ni kupoteza asilimia 20 ya uzito, uvimbe unaozidi asilimia 10 ya uzito wa mwili, uvimbe uliochimbika, kushindwa kufikia chakula au maji, na kuhema kwa shida. Kazi yenyewe ifanywe na aliyefundishwa, kwa njia iliyoidhinishwa kwenye kibali.

Zaidi ya huruma, ipo sababu ya kisayansi. Panya anayeachwa afe mwenyewe hufa usiku, wenzake humla, na asubuhi unakuta mkia na nusu ya tumbo. Kagua vizimba mara 2 kwa siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na umtenge mgonjwa kwenye kizimba chake.

## Hatua ya 6: Pasua kila panya, kwa mpangilio uleule

Kwa joto la hapa, matumbo huanza kuoza ndani ya saa chache. Mzoga usioweza kupasuliwa papo hapo uloweshwe kwa maji yenye sabuni kidogo ili manyoya yasishike hewa, utiwe kwenye mfuko na uwekwe kwenye nyuzi 4. Usiugandishe: barafu hupasua chembe, na anayesoma slaidi ataona matundu tu.

Anza nje, ukilinganisha na mchoro wa daftari; kila uvimbe uliopapaswa akiwa hai lazima upatikane au uelezwe umeendea wapi. Chunguza chini ya masikio, kwenye tezi za Zymbal. Kisha chana ngozi kutoka kidevuni hadi kinenani, uifungue kama kitabu na ukague upande wake wa ndani, ambako uvimbe mdogo wa matiti huonekana kabla ya kuhisika.

Ndani, fuata mpangilio mmoja bila kuruka: kifua, ini, wengu, matumbo, figo na tezi za adrenali juu yake, viungo vya uzazi, kibofu, na kichwa mwisho. Haya machache yanastahili kusimama.

*Figo.* Ng'oa utando unaozifunika. Figo ya panya kijana ni laini na ya hudhurungi iliyoiva. Ya dume mzee mara nyingi imepauka, imevimba kidogo na ina vijishimo, ukiipapasa unahisi chenga. Huo ni uchakavu sugu wa figo, ambao huwapata madume kuliko majike. Kata figo ya kushoto kwa urefu na ya kulia kwa upana, ili hata lebo ikipotea ujue ipi ni ipi.

*Wengu.* Upime kwa mizani ndogo. Wengu uliovimba mara kadhaa, pamoja na ini lenye madoa na tishu zenye manjano kwa panya wa Fischer, huelekeza kwenye leukemia.

*Mishipa ya matumbo.* Tandaza utando unaoshikilia matumbo na uutazame dhidi ya mwanga. Mishipa minene yenye vifundo kama uzi wenye shanga ni dalili ya kuta za mishipa kuvimba kwa uchochezi, si uvimbe wa kuota; ni jambo la kawaida kwa madume wazee, na wengi humaliza masomo bila kuliona kwa sababu hawautandazi utando huo.

*Pituitari.* Hapa ndipo inapopotea mara nyingi kuliko kiungo chochote. Tezi hii imekaa kwenye sakafu ya fuvu, chini ya ubongo, na kwa panya mzima haizidi punje ndogo ya mtama. Ukiung'oa ubongo kwa pupa, inachanika. Fungua fuvu kwa mkasi mdogo, inua ubongo kutoka mbele, kata neva za macho, uutoe, kisha iache tezi palepale na utumbukize fuvu lote kwenye formalini. Itoe siku ya pili ikiwa imekakamaa. Iliyoota uvimbe huwa kubwa, nyekundu ya damu iliyoganda, na chini ya ubongo utaona kishimo ilipokuwa ikikandamiza.

Dalili ya mafanikio: panya wa kundi linganishi ana ukurasa uliojaa sawasawa na wa kundi la dozi, hata kama kila mstari unasema "kawaida".

## Hatua ya 7: Hifadhi kwa formalini inayofaa

Kwa lita 1, changanya mililita 100 za formaldehaidi ya dukani (asilimia 37 hadi 40), mililita 900 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, gramu 4 za sodiamu fosfeti ya haidrojeni mbili na gramu 6.5 za sodiamu fosfeti ya haidrojeni moja isiyo na maji. Bila chumvi hizo, asidi hujengeka na kuacha madoa meusi kwenye tishu zenye damu.

Vipande visizidi unene wa milimita 5, na formalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa tishu. Ini zima lililosokomezwa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi litaiva nje na kuoza katikati. Mapafu yajaze formalini kwa sindano kupitia mrija wa pumzi mpaka yatanuke kama yalivyokuwa kifuani. Kibofu nacho vivyo hivyo. Yaache saa 48.

Lebo iandikwe kwa penseli na itumbukizwe ndani ya chupa, kwa sababu wino huyeyuka kwenye alkoholi ya kuandalia slaidi na karatasi iliyobandikwa nje hubanduka kwa unyevu. Fanya kazi penye hewa: IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeiweka formaldehaidi kwenye kundi la 1 la visababishi vya saratani kwa binadamu.

## Hatua ya 8: Linganisha kabla ya kuhukumu

Kwa figo za madume wazee, kuhesabu wangapi wana uchakavu hakusaidii, kwani karibu wote watakuwa nao. Linganisha kiwango cha ukali. Kwa uvimbe, zingatia umri wa kufa: kundi lililoishi muda mrefu litakuwa na uvimbe mwingi kwa sababu tu lilipata muda wa kuuota.

Idadi nayo ina sharti lake. Mwongozo namba 451 wa OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, kuhusu majaribio ya saratani unataka angalau panya 50 wa kila jinsi kwa kila kundi. Utafiti wa Mfaransa Gilles-Éric Séralini wa mwaka 2012 kuhusu mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ulitumia Sprague-Dawley 10 wa kila jinsi kwa kila kundi kwa miaka 2, na picha za majike wenye uvimbe mkubwa zikazunguka dunia nzima. Jarida lililouchapisha liliuondoa Novemba 2013, likitaja idadi ndogo ya panya na ukoo uliotumika, ingawa ulichapishwa upya kwingine mwaka 2014. Mwenye panya 6 kwa kundi anaweza kueleza alichokiona. Kudai kwamba dawa inaleta au inazuia saratani kumemzidi kimo.

Jedwali la mwisho lionyeshe idadi ya viungo vilivyochunguzwa, wala si idadi ya panya walioanza. Pituitari 2 zikichanika, kigawanyo cha pituitari kinapungua kwa 2. Jike namba 14 aliingia kwenye jedwali la namna hiyo kama "fibroadenoma, kwapa la kushoto, 1 kati ya 6". Kwenye safu ya kundi linganishi mwanafunzi alilazimika kuandika 0 kati ya 0, kwa kuwa wale 6 walikuwa wamekwisha kuchomwa moto.